Herufi H

Kwenye kibodi yangu herufi H imefutika.
Huzuni imeila. Huzuni kubwa, huzuni nyingi,
kwa huzuni isiyo kifani tunatangaza,
tangu Januari hadi leo, ghorofa ya pili, River Road,
juu ya duka la redio, chini ya fundi wa meno.
Kidole kinajua njia bila kuonyeshwa.

Wanakuja na picha ya kitambulisho
na karatasi iliyokunjwa mara nne.
"Andika alikuwa mtu mzuri, mcha Mungu."
Naandika. Nakata. Nabana kwa pini.
Nakala mia na hamsini, njoo uchukue saa kumi.
Wazuri wote hao nawapanga sakafuni wakauke wino,
na siwezi kumtofautisha mmoja na mwenzake
ila kwa tai.

Alhamisi aliingia Bi Syombua wa Makongeni,
mvua ikimdondoka kwenye pindo.
Akauliza bei ya kurasa za rangi,
kisha bei ya zisizo na rangi,
kisha akakaa.
"Andika tuna huzuni kubwa."
Sijui nilishikwa na nini. Labda ni stima, ilikuwa imepotea,
mashine zimenyamaza, tunasikilizana pumzi.
Nikamwambia: Mama, huzuni ninayo hapa, imejaa droo.
Niambie, akirudi kazini, ulianza kusikia nini?

Akatazama dirisha. Chini, mtu wa mkokoteni alikuwa akitukana lori.
"Kikohozi," akasema. "Viwili, pale langoni.
Si kwamba aliumwa. Ni ili watoto wapate muda
wa kuzima televisheni na kushika vitabu."
Nikacheka. Naye akacheka, kisha mkono ukamwenda mdomoni
kana kwamba ameiba kitu dukani.

"Na chungwa," akasema.
"Alimenya chungwa bila kukata ganda, kamba moja ndefu,
akaitundika kwenye msumari nyuma ya mlango.
Ikikauka, tunawashia jiko.
Iliyopo sasa ni ya Jumapili ile.
Imejikunja kama sikio.
Makaa yapo. Kiberiti kipo.
Siku kumi na moja tunapikiwa kwa jirani."

Stima ikarudi. Mashine zikakohoa zote pamoja.
Nikaandika ganda, msumari, sikio,
nikaandika haraka, vidole vikipotea njia
kwenye herufi ambazo havijazizoea,
nikachapa ukurasa mmoja, nikampa ungali moto.

Alisoma akifuata kwa ukucha.
Ukafika kwenye msumari, ukasimama.
Muda mrefu.
"Hii itoe," akasema taratibu.
"Watasoma shemeji zangu. Watasoma watu wa kanisa,
watajipepea nayo jua likiwaka kule Masii.
Hii ni ya mlangoni kwangu.
Wao waandikie huzuni kubwa. Wataielewa."

Nikafuta. Kidole kikarudi kwenye H, kwenye upara wake unaong'aa,
na kwa mara ya kwanza sikuionea aibu:
neno lililochakaa nalo ni shuka,
watu hujifunika.

Ule ukurasa aliukunja mara nne,
akautia kifuani, akalipia nakala zisizo na rangi,
akaniachia shilingi ishirini "za ile nyingine".

Ninyi mnaosoma, msiende Makongeni kutafuta mlango.
Nimebadilisha jina.
Nimebadilisha na tunda.
Msumari tu ndio nimeuacha ulivyo;
nami nilihitaji pa kutundika.